Lord Salisbury, Jamaa Yake na Mpaka wa Mwaka 1890

Watoto wetu wa Unyamwezi hufundishwa shuleni habari za Mirambo na Isike, nao wazee huongeza yale ambayo vitabu vimeyaacha. Kuna jina jingine ambalo ni nadra kulisikia, ingawa mwenye jina hilo alichangia kuamua nchi hii iwe chini ya nani kuliko mtemi yeyote wa wakati wake. Ni Robert Arthur Talbot Gascoyne-Cecil, Marquess wa tatu wa Salisbury, kabaila wa Uingereza aliyekuwa Waziri Mkuu mara tatu: mwaka 1885 hadi 1886, 1886 hadi 1892, na 1895 hadi 1902. Afrika aliigusa mara moja tu, kule Rasi ya Tumaini Jema, akiwa kijana msafiri. Tabora hakufika, wala barabara hii ya Puge iendayo Nzega hakuijua.

Ningeweza kuwaachia walimu wa historia kazi hii. Ninamwandika katika kitabu cha insha za imani kwa sababu Lord Salisbury alikuwa Mkristo, tena hakuwa Mkristo wa jina. Kila siku alipokuwa nyumbani kwake alianza kwa ibada katika kanisa dogo la nyumba, pamoja na mke, watoto na watumishi. Alimpenda mke wake, akalea watoto wanaomcha Mungu, na hakuhesabiwa miongoni mwa wala rushwa. Laiti angekuwa mzee wa kanisa katika usharika wangu, ningeshukuru. Ndiyo maana habari zake zinanisumbua.

Alizaliwa tarehe 3 Februari 1830 katika jumba la Hatfield, kaskazini ya London. Ukoo wa Cecil ulikuwa umezoea utawala tangu siku za Malkia Elizabeth wa Kwanza. Jumba hilo lilimalizika kujengwa mwaka 1611, mwaka uleule ilipochapishwa Biblia ya Kiingereza iitwayo ya Mfalme James. Lakini mtoto huyu wa jumba kubwa hakuwa na utoto mwema. Mama yake alifariki mwaka 1839, yeye akiwa na miaka tisa. Alipopelekwa shule ya Eton alionewa na kupigwa na wenzake hata baba yake akamwondoa mwaka 1845. Chuo Kikuu cha Oxford alikiacha kabla ya muda kwa sababu ya afya. Madaktari wakashauri safari ya bahari, naye kuanzia 1851 hadi 1853 akazunguka Afrika ya Kusini, Australia na New Zealand. Aliporudi aliingia Bungeni, akiwa na umri wa miaka 23.

Mwaka 1857 akamwoa Georgina Alderson, binti wa jaji. Baba yake alipinga, kwa kuwa msichana hakuwa na mali wala hakutoka katika ukoo wa kikabaila. Kijana akaoa hivyohivyo. Kwa miaka kadhaa familia iliishi kwa fedha kidogo, kwa kipimo cha watu wao, naye akajazia kwa kuandika makala nyingi katika magazeti. Wala hakuwa mrithi, kwani alikuwa na kaka. Kaka huyo alipofariki mwaka 1865 ndipo Robert akawa mrithi, na baba alipofariki mwaka 1868 ndipo akawa Marquess, mwenye Hatfield na mashamba yake, na mwenye kiti katika Bunge la Makabaila.

Georgina alikuwa mwanamke wa imani thabiti na mwenye ulimi mkali katika siasa. Walizaa watoto wanane. Fanny alifariki angali mdogo. Wakakua saba: Maud, Gwendolen, James, William, Robert, Edward na Hugh. Wageni wa Hatfield walishangaa kuona watoto wakibishana na baba yao mezani, juu ya dini na siasa, na baba akiwajibu kama anavyowajibu wabunge. Lord Salisbury alipenda pia sayansi, akaweka umeme nyumbani mapema sana, wakati nyaya bado hazijatengenezwa vizuri. Nyaya ziliposhika moto darini, familia ilirusha mito ya viti kuuzima, kisha mazungumzo yakaendelea. Inasimuliwa tena kwamba macho yake yalikuwa mabovu na fikra zake mbali, hata aliweza kukaa karibu na waziri mwenzake asimtambue.

Wapwa na wakwe nao walipata nafasi. Mpwa wake Arthur Balfour alipewa uwaziri, kisha akamrithi mjomba wake kama Waziri Mkuu mwaka 1902. Katika serikali ya mwaka 1900 alikuwamo mpwa mwingine, mkwe mmoja na mwana mmoja. Waingereza wenyewe walitania kwamba serikali imekuwa hoteli ya akina Cecil. Wasomaji waliowahi kukaa katika kamati ya usharika inayotoka nyumba mbili za mtaa mmoja wataelewa mzaha huo bila maelezo.

Jambo la kwanza lililompima halikuwa la Afrika. Mwaka 1866 alifanywa waziri wa mambo ya India, akiwa na miaka 36. Njaa ilikuwa imeanza katika jimbo la Orissa. Taarifa zilimfikia mapema, lakini wakuu wa kule walimhakikishia kwamba hakuna hatari, naye akakaa miezi miwili bila kuchukua hatua. Watu wapatao milioni moja walikufa. Wanasiasa wengi wangewatupia lawama wale washauri na kuendelea. Yeye alisema waziwazi, katika miaka iliyofuata, kwamba hajioni kuwa hana hatia, na kwamba kumbukumbu ya miezi ile miwili haikumwacha. Mimi namheshimu kwa hilo. Toba ya mtu mkubwa kwa ajili ya maskini ambao hakuwaona kwa macho si kitu cha kila siku.

Sasa tuje kwetu. Mirambo wa Urambo alifariki Desemba 1884. Alikuwa ametafuta urafiki na Waingereza, akamkaribisha Dk. Southon wa London Missionary Society, aliyefungua kituo Urambo mwaka 1879. Kwa upande wa Uyui, karibu na Tabora, walikuwapo wamisionari wa CMS. Yaani kama mtu angeuliza wakati huo ni Wazungu gani wanaojulikana zaidi Unyamwezi kwa Injili, jibu lingekuwa Waingereza, pamoja na mapadre Wakatoliki wa White Fathers. Miezi michache baada ya kifo cha Mirambo, mapema 1885, serikali ya Ujerumani ilitoa hati ya kulinda maeneo ambayo Carl Peters alidai kuyapata kwa mikataba ya huko bara nyuma ya pwani. Juni mwaka huohuo Salisbury akawa Waziri Mkuu kwa mara ya kwanza.

Mapatano ya mwaka 1886 yalichora mstari kutoka mdomo wa mto Umba hadi Ziwa Victoria, ukizunguka Kilimanjaro. Magharibi ya hapo palibaki bila kuamuliwa. Kulikuwa na Waingereza, akina William Mackinnon na Stanley, waliotaka nchi yao ipate walau ukanda mwembamba karibu na Ziwa Tanganyika ili kuunganisha kusini na kaskazini. Wajerumani hawakukubali. Salisbury, aliyekuwa Waziri Mkuu na Waziri wa Mambo ya Nje kwa wakati mmoja, aliona ukanda huo hauna faida ya kugombania, akawaeleza hivyo makabaila wenzake Bungeni mwezi Julai 1890.

Mkataba wenyewe ulitiwa saini Berlin tarehe 1 Julai 1890. Watu husema Heligoland ilibadilishwa na Zanzibar, kama mbuzi kwa mbuzi. Haikuwa hivyo hasa, maana Zanzibar haikuwa mali ya Wajerumani hata waitoe. Ujerumani ilikubali kwamba Zanzibar na Pemba ziwe himaya ya Uingereza, ikaacha Witu na madai yake upande wa Uganda. Uingereza ikatoa kisiwa kidogo cha Heligoland katika Bahari ya Kaskazini, na ikakubali kwamba nchi yote kutoka pwani hadi Ziwa Tanganyika, Unyamwezi ikiwamo, ihesabiwe kuwa ya Wajerumani. Kwa pwani yenyewe, Sultani alilipwa na Wajerumani marki milioni nne. Mtemi hakulipwa kitu, kwa kuwa hakuna aliyedhani kuna mtemi wa kulipwa.

Hapo pana jambo ambalo wengi hawalijui. Malkia Victoria aliposikia habari za Heligoland alinung'unika. Aliona si haki kuwatoa watu wa kisiwa kile kwa mfalme mwingine bila kujua wanataka nini. Walikuwa watu wapatao 2,000. Mwishowe walitolewa, lakini kwa ajili yao mkataba uliweka masharti: anayetaka kubaki raia wa Uingereza achague kubaki, na waliokwisha kuzaliwa wasilazimishwe kuingia jeshini. Bunge la Uingereza likapitisha sheria. Kuhusu wenyeji wa Unyamwezi, ambao wapagazi wao peke yao waliokwenda pwani kila kiangazi walikuwa wengi kuliko wakazi wa kisiwa kile, hakuna aliyeuliza wanataka nini. Julai kwetu mavuno yameshaingia ghalani. Watu walikuwa njiani na mizigo ya pembe na vitambaa, na nchi waliyotoka ilikuwa imekwisha kuandikwa jina jingine.

Mwaka huohuo, katika hotuba moja, Salisbury aliwachekesha wasikilizaji wake kwa kusema kwamba mataifa ya Ulaya yamekuwa yakipeana milima na mito na maziwa, na kikwazo chao kidogo ni kutojua hasa mito na milima hiyo iko wapi. Alikuwa na akili ya kuona upuuzi wa jambo analolifanya, na akalifanya.

Ni lazima nimtendee haki. Siku moja baada ya mkataba ule, tarehe 2 Julai 1890, mataifa yalitia saini Brussels hati ya kupiga vita biashara ya watumwa, katika mkutano ulioitishwa na Mfalme Leopold wa Ubelgiji kwa kuombwa na Uingereza. Barabara yetu ya misafara ilikuwa na sehemu yake katika biashara hiyo, na watemi wetu hawakuwa malaika. Baadhi walinunua bunduki na baruti kwa pembe na kwa watu. Mwaka 1897, Salisbury akiwa madarakani, sheria ya Zanzibar iliacha kuutambua utumwa. Hayo ni mema, na waliofunguliwa minyororo hawakuuliza ni siasa gani iliyowafungua.

Lakini swali la waumini hubaki: ibada ya asubuhi ilikuwa na kazi gani katika shughuli za mchana? Salisbury alikuwa na jibu la namna yake. Kwake siri za imani zilikuwa juu ya akili ya mwanadamu, akaziabudu bila kuzijadili. Siasa ilikuwa kazi ya hesabu, ya kupunguza hatari na kuepusha vita kati ya mataifa makubwa. Mkataba wa 1890 kwa hesabu hiyo ulikuwa mzuri, kwani uliondoa ugomvi na Ujerumani bila risasi. Sisi Walutheri tunapaswa kuwa waangalifu hapa, kwa sababu tunafundisha falme mbili, mkono wa kuume na mkono wa kushoto wa Mungu, na mtu mvivu anaweza kutumia fundisho hilo kama ukuta wa kujificha. Luther hakuujenga ukuta huo. Kila aliyepata kipaimara kwetu amejifunza maelezo ya amri ya tisa katika Katekisimo Ndogo: kutamani nyumba ya jirani ni pamoja na kujipatia urithi wake kwa njia yenye sura ya haki, yenye karatasi na mihuri. Ahabu hakuiba shamba la Nabothi usiku. Barua ziliandikwa, muhuri wa mfalme ukapigwa, wazee wakaketi, mashahidi wakaitwa. Soma tena 1 Wafalme 21 uone jinsi kila hatua ilivyofuata utaratibu. Eliya hakuulizia utaratibu.

Tofauti moja ipo, nayo inamhusu Salisbury kwa ubaya na kwa wema. Ahabu alimjua Nabothi kwa sura na kwa jina. Salisbury hakumjua Isike. Labda kama mtu angemwandikia habari za Unyanyembe kwa majina, moyo uliolia kwa ajili ya Orissa ungesita. Nasema hivi kwa sababu tunajua kesi iliyomgusa. Mwaka 1889, Ureno ilipotaka nchi ya milima ya Shire, huko Malawi ya leo, wachungaji na wazee wa makanisa ya Scotland zaidi ya 10,000 walitia saini ombi kwake la kuwatetea ndugu zao wa misheni ya Blantyre na Livingstonia. Salisbury, ambaye awali hakuwa na haraka, alisimama imara dhidi ya Ureno. Waliosaini walitaka nchi ile iwe ya Waingereza, hilo tusilifiche. Hata hivyo walikuwa watu wa sharika, waliokaa kwenye mabenchi kama sisi, na majina yao yalifika mezani pake. Kwa ajili ya Unyamwezi hapakuwa na ombi la namna hiyo.

Yaliyofuata yanajulikana. Kabla mwaka 1890 haujaisha Emin Pasha, akiwa katika utumishi wa Wajerumani, alipandisha bendera yao Tabora. Isike alikataa. Mashambulizi ya kwanza aliyastahimili. Januari 1893 Tom von Prince aliivunja ngome yake, na Isike, alipoona hakuna njia, akaliwasha ghala la baruti akiwa ndani. Wajerumani wakamweka Nyaso, mwanamke wa ukoo wa utemi, mahali pake. Kituo cha Urambo kikatoka mikononi mwa London Missionary Society kwenda kwa Wamoravian, waliokuja kutoka Ujerumani. Kule Moshi, CMS waliondoka, na mwaka 1893 wakaingia Walutheri wa Leipzig.

Wapo wahubiri wanaosema kwa furaha kwamba bila mstari ule wa 1890 Ulutheri usingekuwa na nguvu iliyonayo Tanzania leo, na kwa hiyo mstari ulikuwa wa Mungu. Nusu ya kwanza ya maneno hayo ina ukweli wake. Nusu ya pili siikubali. Yusufu aliwaambia ndugu zake kwamba Mungu aligeuza ubaya wao kuwa wema, lakini hakuwaambia kwamba kumuuza kulikuwa ibada. Tunaweza kumshukuru Mungu kwa Injili bila kuupaka chokaa mkono uliotia saini.

Salisbury mwenyewe aliiona hatari ya misheni na utawala kutembea pamoja kuliko wamisionari wengi walivyoiona. Mwaka 1900, akihutubia shirika la misheni la SPG lililokuwa likiadhimisha miaka 200, aliwaambia bila kuwapamba kwamba watu wa Mashariki wana msemo: anakuja mmisionari kwanza, kisha balozi, kisha jenerali. Akawaonya kwamba ushujaa wa mmisionari asiyejali unaweza kuwagharimu wengine damu. Hotuba ile haikuwapendeza wote. Nadhani ndiyo hotuba ya Kikristo kuliko nyingine alizotoa, na ilitoka kwa mtu aliyewatuma majenerali.

Georgina alifariki Novemba 1899. Mume wake alitumikia miaka miwili na nusu zaidi, akaacha uwaziri mkuu Julai 1902, akafariki Hatfield tarehe 22 Agosti 1903. Gwendolen, ambaye hakuolewa, aliandika maisha ya baba yake, na wengi waliomwandika baadaye wamechota kwake. William alikuwa mchungaji wa Hatfield kwa miaka mingi, kisha Askofu wa Exeter. Edward, askari, alizingirwa na Makaburu Mafeking. James alirithi cheo. Hugh alikuwa mtetezi mkali wa kanisa Bungeni.

Kisha ikaja vita ya 1914. Mataifa yale yaliyogawana mito na milima kwa amani hayakuweza kugawana Ulaya kwa amani. Wajukuu watano wa Lord Salisbury waliuawa: wana watatu wa Askofu William, mwana wa pekee wa Edward, na mwana mmoja wa Maud. Hapa kwetu Wabelgiji waliingia Tabora Septemba 1916, na kati ya wapagazi wa pande zote mbili katika Afrika Mashariki walikufa makumi ya maelfu, wengi kwa njaa na kuhara, wachache wakiwa na kaburi lenye jina. Simaanishi kwamba Mungu alilipiza kisasi cha babu kwa wajukuu; Ezekieli 18 inanizuia kusema hivyo. Nasema tu kwamba Askofu William, aliyezika tumaini la wana watatu, na mama wa Kinyamwezi ambaye mwanawe hakurudi kutoka safari ya mizigo, walikuwa na zaburi moja ya kusoma.

Mwana aliyebeba swali la baba yake mbali zaidi ni Robert. Mwaka 1919 alikuwa Paris, mmoja wa walioandika katiba ya Shirika la Mataifa. Katiba hiyo ilisema kwamba makoloni yaliyotoka mikononi mwa walioshindwa yasiwe mali ya mshindi. Yawe dhamana, na mwenye kuyashika atoe hesabu. Tanganyika ikawa nchi ya dhamana chini ya Uingereza. Ndivyo nchi ambayo baba aliitoa kwa Wajerumani ilivyorudi kwa Waingereza chini ya maneno ambayo mwana alisaidia kuyaandika. Wenyeji bado hawakuulizwa, na wamisionari Wajerumani walifukuzwa, sharika zetu zikabaki mikononi mwa walimu Waafrika, wakaziendesha. Lakini neno "hesabu" lilikuwa limeingia katika sheria za mataifa. Mwaka 1937 Lord Robert Cecil alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani.

Alifariki Novemba 1958. Januari ya mwaka huo, TANU ilikuwa imefanya mkutano wake mkuu Tabora, na wajumbe, baada ya mabishano makali, walikubaliana na Nyerere kuingia katika uchaguzi. Mwaka 1961 mtemi Abdallah Said Fundikira, wa ukoo wa utemi wa Unyanyembe, alikuwa waziri katika serikali ya Tanganyika huru.